Redio ya Kutisha na Usingizi wa Zawadi

Alhamisi, 25 Septemba
Dagaa nimegeuza. Mdogo yuko mgongoni, hataki kushuka. Redio nimeitundika kwenye nguzo ya chanja. Ule mchezo wa mzamaji, yule aliyekufa maji, umefika pale anaporudi kugonga mlango wa mkewe. Mchezo wa kale, sauti inakwaruza, maji yanadondoka to, to, to. Jua la Kibirizi linachoma utosi na mimi vinyweleo vimesimama. Raha tupu. Sijui kwa nini. Nimechoka kila kiungo, lakini nikitishwa kidogo nasikia nimepumzika. Jirani yangu wa chanja anasema nina kichaa.

Zawadi, mkubwa wangu, kaamka usiku analia. Tena.

Jumapili, 28 Septemba
Mama mkwe kaja kutoka Simbo na mihogo. Kamkuta mjukuu wake macho mekundu, redio inapiga mayowe.

“We Mama Zawadi! Unaalika maiti nyumbani, halafu unauliza mtoto analilia nini?”

Nikamwambia Mama, ni michezo tu, kuna watu wanagonga mbao huko studio.

“Basi wakagonge kwao.”

Nilitaka kucheka. Sikucheka, maana kasema mtoto asipotulia anaondoka naye Simbo. Mtoto wa miaka minne! Nimekataa, kwa adabu. Baba Zawadi anashona wavu wake kama hayupo. Nimemchukia kidogo leo.

Jumatano, 1 Oktoba
Redio nimezima. Memori kadi yenye michezo nimemkabidhi Mama mwenyewe, kaifunga kwenye pindo la kitenge. Zawadi bado analia. Anakimbilia dirishani, anatetemeka, ukimuuliza hasemi. Mama anadai kilichoingia hakitoki siku moja.

Namwamini nusu. Nusu nyingine haijui imwamini nani. Nimemtesa mwanangu kwa starehe yangu?

Kuanika bila redio ni kazi ndefu.

Jumapili, 5 Oktoba
Mbalamwezi. Mwanga ukiwa mkubwa hivi dagaa hawafuati taa, kwa hiyo mitumbwi imepandishwa mchangani na wavuvi wanapumzika mpaka mwezi upungue. Baba Zawadi yuko nyumbani, kalala kama gogo.

Na Zawadi kalala. Mpaka asubuhi.

Jumatano, 8 Oktoba
Analala tu. Mama anamwombea kila jioni, mkono kichwani, “mwana wanje, mwana wanje,” yaani mwanangu. Anatembea uani kama mshindi. Ananiuliza, umeona? Nimeona, Mama.

Siku za mbalamwezi mimi na Baba Zawadi huwa tunaangalia filamu za zamani kwenye simu, zile nyeusi na nyeupe. Jeneza linafunguka polepole, dada wa watu anapiga kelele kabla hajaona kitu. Tunabanana, tunacheka. Mwezi huu kaniuliza, nikasema basi. Naona nimenyang’anywa kitu. Halafu naona aibu. Kitu gani, majeneza?

Mtoto analala. Yaishe.

Jumatatu, 13 Oktoba
Jana wavuvi waliingia tena ziwani. Zawadi kalia mpaka sauti imekauka.

Redio imezimwa. Kadi iko kwa Mama. Maombi yameombwa. Sielewi kitu. Mama naye haelewi, na asipoelewa anakuwa mkali: keshokutwa anaondoka na mtoto, na huko Simbo hakuna ziwa wala upuuzi. Baba Zawadi kasema labda ni sawa, apumzike. Labda!

Jumanne, 14 Oktoba
Mchana nilimwosha Zawadi miguu, polepole, sikumuuliza kitu. Akasema mwenyewe.

“Taa ya baba ilizima. Kazama. Atakuja kugonga.”

Nikaacha kuosha.

Dirisha letu linatazama ziwa. Anachagua taa moja, anasema ni ya baba yake, anailinda. Na kabla ya kuvuta wavu wanazima taa moja moja, wanabakiza moja, ili dagaa wajikusanye hapo. Kila mtu hapa anajua. Hakuna aliyemwambia yeye. Mwezi ukiwaka baba yuko kitandani, hakuna taa ya kulinda.

Lakini kule kugonga kakutoa redioni kwangu. Hilo siwezi kulikataa. Nimemweleza Mama yote, na kosa langu pia. Kalifungua pindo la kitenge polepole. Mwisho kanitupia kadi. Mchezo wa mzamaji nimeufuta. Kama mkewe alifungua mlango, sitajua.

Jioni Baba Zawadi kampakia mtoto mtumbwini, ukiwa bado mchangani. Akawasha taa zote, akazima moja moja. “Baba akizima, ujue kapata dagaa. Sawa, mama?” Akamwachia azime mwenyewe. Mama mkwe kasimama pembeni, mikono kiunoni. Nikamwambia mbele ya mwanawe: Mama, Zawadi anabaki.

Ijumaa, 17 Oktoba
Mama kaondoka juzi, na dagaa wa kutosha. Hakuniaga vizuri, hakuniaga vibaya. Zawadi alimpungia mkono akiwa mgongoni kwangu. Mdogo alipiga kelele, mgongo ni wake.

Usiku kaamka mara moja. Katazama dirishani, kasema “kapata,” karudi kulala. Mimi ndiye niliyebaki macho.

Bado sijui kwa nini mtu aliyechoka anapumzikia kwenye hofu. Wala sijui kama nimemponya mtoto au nimemfundisha maneno tu.

Asubuhi baba yake karudi ananuka ziwa, kajilaza pembeni yake bila kubadili nguo. Nilitaka kumfokea kwa ajili ya shuka. Nimeacha. Nimerudishia mlango, nimetoka kuanika.