Hakuna Aliyebonyeza

4 Machi

Mdogo wangu,

Nimekukosea. Nilitaka nianze na salamu kama tulivyolelewa, ila kila nikiandika "hujambo" mkono unagoma mpaka hilo neno litangulie. Haya, limetangulia. Hujambo? Mama je, na magoti yake? Sisi huku miili ni mizima.

Tangu utoke maktaba sijakuandikia hata mstari. Unajua kwa nini, lakini acha niseme mwenyewe.

Wiki iliyopita kompyuta ya nyumbani iligoma kuwaka, nikaipeleka kwa fundi mmoja, kijana mwenye maneno mengi kuliko nyaya zake. Akiwa anafungua skrubu nikamuuliza, kama utani tu: hivi yale matangazo ya mtandaoni, yale ya pembeni yanayometameta, yanaweza kuingiza virusi kama mtu hajayabonyeza? Nilikuwa nasubiri aseme hapana. Mwaka mzima nilikuwa naiishi hiyo hapana.

Akacheka. "Mzee wangu, kwani mafua huwa yanapiga hodi?"

Akanieleza kwamba matangazo mengi ni matangazo tu, yanakera lakini hayaumi. Ila mwenye tovuti anakodisha nafasi kama mtu anavyokodisha ukuta wake, hajui kila anayekuja kubandika. Mwizi naye anakodi. Ukurasa ukifunguka, na tangazo limefunguka, na kama programu za kompyuta yako ni za zamani, imetosha. Hakuna haja ya mtu kubonyeza chochote.

Nilikaa kwenye kibenchi chake mpaka akaniuliza kama nimeshikwa na presha.

Siku ile pale maktaba ulipotoka kwenda kunywa chai, mimi nilivuta kiti chako nikakaa. Kompyuta yangu haikuwa na mtandao. Nikafungua ile tovuti ya magari ya mitumba, nikaangalia gari ambalo hata kuliota sina uwezo. Matangazo yalikuwa yanacheza huku na huku. Sikubonyeza hata moja, naapa. Ndiyo maana vitabu vyetu vyote vilipofungwa humo kwenye kompyuta na wale wezi wa mtandaoni, vile nilivyokuwa nakusomea kwa sauti na wewe unaviandika kwa nukta nundu ili wasioona wenzako wasome, nilijiambia moyoni: mimi sikubonyeza, basi ni yeye.

Bodi ikatuita. Mkurugenzi akauliza nani alikuwa anatumia ile mashine. Nikajibu, "Ni yake. Na mtu asiyeona, mkubwa, anaweza kubonyeza asichokijua."

Hayo ndiyo yaliyokufukuzisha kazi. Virusi vilichukua vitabu. Wewe nilikuchukua mimi.

Nisamehe.

Kaka'ko

*

9 Machi

Kaka,

Shikamoo. Sijambo. Magoti ya Mama yamemwachia kidogo, sasa kahamia mgongoni, na anaulalamikia kama mgeni aliyekuja bila kualikwa.

Barua yako nimeisoma, au niseme nimesomewa. Unamkumbuka Bi Chiriku? Ile sauti ya kompyuta inayonisomea yaliyomo kwenye skrini, tuliyoipa jina kwa kuwa haijui kunyamaza. Yumo kwenye simu yangu pia. Ndiye kanisomea "nimekukosea" yako, kwa sauti ileile bapa, kama anasoma bei ya vitunguu.

Na siku ile pia ni yeye. Niliporudi kutoka chai nikavaa hedifoni, akaanza: "Gari safi. Matairi mapya. Mmiliki mmoja. Tangazo. Tangazo. Tangazo." Kiti chenyewe kilikuwa bado na joto lako. Nikacheka, nikasema kaka naye kwa ndoto! Nikaufunga ukurasa, nikaendelea na kazi. Kabla hatujatoka, Bi Chiriku akanisomea kwamba mafaili yote yamefungwa na anayetaka kufunguliwa alipe.

Kwa hiyo nilijua, kaka. Hujaniambia jipya.

Kwenye bodi nilinyamaza nikikusubiri wewe. Uliposema yale maneno juu ya macho yangu, nilidhani umeteleza ulimi, utajirekebisha. Nikasikia kiti chako kinalia. Nikasema moyoni, huyo, anasimama.

Kumbe ulikuwa unakaa vizuri.

Mdogo wako

*

11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwambie Mama huo mgongo aukande na maji ya moto.

Tangu barua yako ije silali wala sikai. Kwa nini hukusema? Ungesema "kaka alikuwa kwenye magari", ningefukuzwa mimi, na ingekuwa haki. Najua utakavyonijibu. Utasema haikuwa kazi yako kusema. Kweli, haikuwa.

Na kwa kuwa nimeanza, nimalize. Kompyuta yako ilikuwa inaomba kusasishwa karibu kila asubuhi. Bi Chiriku alikuwa anakusomea: "Sasisha sasa, au baadaye?" Nawe ulikuwa unaniuliza, "Kaka, tufanyeje?" Mimi ndiye mkubwa wa kitengo. Nami nasema, "Weka baadaye, tutachelewa kazi." Ukiwa hupo naibonyeza mwenyewe: baadaye, baadaye. Hata ile diski ya akiba, yenye nakala za vitabu vyetu, niliiacha imechomekwa mle mle ndani kwa uvivu wa kuichomoa, ndiyo maana nayo ikaliwa.

Nimefikiria hivi. Nitamfuata mkurugenzi pembeni, mimi na yeye tu, nimweleze taratibu. Ni mtu wa kuelewa. Pengine atakuandikia barua nzuri ya kukusaidia kupata kazi mahali pengine. Unaonaje?

Kaka'ko

*

30 Machi

Kaka,

Shikamoo. Tuko salama, kama salama ndiyo hii.

Unauliza naonaje. Sioni, kaka, ndiyo sababu uliyoitoa. Usikasirike, ni utani. Humu ndani hakuna mwingine wa kutania naye.

Acha nikueleze maneno yako yalikofika. Mama aliuliza kwa nini nimerudi nyumbani, nami sikutaka kukuchoma. Lakini shemeji yetu alishayasikia huko mjini na kuyaleta mazima mazima: "Alibonyeza kitu asichokiona, akaua mashine zote." Tangu siku hiyo Mama haniruhusu kugusa jiko. Mimi, kaka! Niliyekuwa napika humu tangu nikiwa sifikii meza. Nikisogea anasema, "Kaa tu mwanangu, kaa, usije ukagusa kitu." Anasema kwa upole, na upole wenyewe ndio unaoniua. Watoto wa jirani wamepata wimbo. Nikipita na fimbo yangu, "Shangazi, usibonyeeeze!" Juzi nilitaka kumpa mtoto pole baada ya kuanguka, mama yake akamvuta.

Sasa nakaa. Nikisema nakaa, nina maana hiyohiyo. Asubuhi naletewa kiti nje, jioni nakirudisha, na hapo napo kuna mtu ananipokonya anibebee.

Wewe ulisema mbele ya bodi, mbele ya wasomaji, mbele ya yule mama wa chai. Leo unataka kukanusha pembeni. Umenichoma sokoni, unakuja kunifunga bandeji chooni.

Usijisumbue. Vitabu havirudi, nami nimeshazoea. Ila nakuomba kitu kimoja: usinitumie tena barua za kusomewa. Nimechoka kusikia maisha yangu kwa mdomo wa mashine.

Mdogo wako

*

22 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Napiga, simu haipatikani. Najua umekataza barua za namna hii, lakini sina njia nyingine. Nijibu hata neno moja. Hata tusi.

Kaka'ko

*

2 Juni

Mdogo wangu,

Barua hii haina haja ya Bi Chiriku wala ya mtu mwingine. Iko chini ya vidole vyako. Nimeitoboa mwenyewe kwa kibao na sindano, nukta kwa nukta, kinyumenyume kama inavyotakiwa, na vidole vimeota sugu. Mtu aliyezeekea kwenye maktaba ya wasioona alikuwa anazijua nukta kwa macho tu! Ukikuta neno limepinda, ni mkono wangu. Karatasi nimeharibu nyingi.

Hujambo, mdogo wangu? Nimekuuliza hivyo mara ngapi bila kutaka jibu.

Nilimpigia Mama kwa simu ya jirani yake. Nilimweleza yote: magari, matangazo, baadaye, bodi. Akauliza, "Kwa hiyo jiko nimemnyima bure?" Nikasema ndiyo, Mama. Akakata. Sijui kama amekwambia. Sijui kama amekurudishia jiko. Namjua Mama, mtu akishaingiwa na hofu haitoki kwa simu moja.

Huku hakuna habari nzuri ya kukupa. Kitengo chetu kimefungwa. Chumba chetu kimekuwa stoo ya viti vibovu, na chako kimo, nimekikuta kimepinduliwa juu ya vingine. Mimi bado naitwa mkuu wa kitengo, mkuu wa stoo. Wanafunzi wamefanya mtihani bila kitabu cha hesabu. Mmoja alikuja kaunta, akapapasa mbao, akauliza, "Yule dada wa nukta yuko wapi? Kitabu chake kilikuwa hakina makosa." Nikamwambia umesafiri. Unaona? Hata baada ya kukuomba msamaha, ulimi ulikimbilia uongo kama mbuzi anavyokimbilia zizi lake.

Yule mwanafunzi ndiye aliyenimaliza. Nikaelewa kwamba nikisubiri ushujaa hautakuja. Kusubiri ndiyo ileile baadaye yangu.

Bodi inakutana Alhamisi tarehe 18 Juni, saa nne asubuhi. Nimeandika niwekwe kwenye ajenda, na wameniweka mwanzoni kabisa. Nimeomba wasomaji waingie, na yule mama wa chai aingie. Nitasema: ukurasa niliufungua mimi. Aliyeahirisha kusasisha ni mimi. Hakuna aliyebonyeza, na mimi niliyesema yeye amebonyeza nilijua mwenyewe nilikuwa nimekaa wapi. Na niliyoyasema juu ya macho yake nayafuta hapa nilipoyasemea. Kisha nitawapa funguo, niache kazi. Jumamosi yake nitakuja nyumbani, nimwambie shemeji hayohayo barazani, majirani wakisikia, na wale watoto wa wimbo wakiwepo.

Sikudanganyi kwamba kitu kitarudi. Kazi yako hawana tena hata wakitaka kukurudishia. Vitabu vimekwenda. Na wewe huenda hii barua umeiweka mkekani hujaigusa, nami sitajua.

Lakini kama utaigusa, na kama kuna wa kukusindikiza, njoo Alhamisi. Kaa nyuma kabisa, usiseme na mtu. Sikiliza tu kiti changu. Kikilia, safari hii nitakuwa nimesimama.

Kaka'ko