Nilichokiokota Kwenye Kopo la Wifi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, ila weka pembeni hicho kitambaa cha kufutia machozi maana silii, nina furaha mpaka naona aibu, na furaha yenyewe ndiyo imeniponza. Mimi nasomea shahada ya pili na kazi yangu ni mijusi, naam, mijusi hawa hawa wa ukutani wanaotukodolea macho tukila, na mkuu wa maabara yetu ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ambaye ndiye aliyenifundisha kutumia darubini na ndiye aliyenikutanisha na mdogo wake, kwa hiyo kazi kanipa yeye na mume kanipa yeye.

Nikueleze kidogo. Ndani ya chembe za mjusi mna kromosomu, nyuzi zinazobeba urithi, nusu za baba na nusu za mama, na dume anapotengeneza mbegu, uzi wa baba na uzi wa mama hulala sambamba zikabadilishana vipande, nasi tunatia rangi ili kila mahali palipobadilishwa pawake nukta ya kijani. Chembe tunazitandaza juu ya kioo, na zikitandazwa vibaya nyuzi hugandana, hazisomeki. Hapo ndipo penye sheria ya wifi: kioo kilichogandana kinatupwa kwenye kopo la bati kando ya sinki, na anayekitupa sharti aseme "pole, mjusi". Kopo tumelipa jina Kaburi, tunacheka wote na kutupa wote.

Sasa siku moja nikiwa natupa mkono ukasita, maana kioo kile kilikuwa na uzi mrefu uliogandana na nyuzi mbili fupi, na cha jana yake kilikuwa hivyo hivyo, na vyote ni vya mijusi tuliowakamata kwenye ukuta wa tanuri la matofali, si wa kwingineko mjini, nikajiuliza, uchafu gani huu wenye nidhamu ya kurudi mahali palepale? Nikaingiza mkono Kaburini, nikavipangusa, nikatazama kimoja baada ya kingine. Mshauri, hazikugandana! Zamani huko kromosomu mbili ziliungana zikawa moja, na mijusi hawa wamerithi ile ndefu kwa mzazi mmoja na zile fupi mbili kwa mwingine, ndiyo maana zinalala tatu pamoja. Na nukta za kijani zimekimbilia kwenye ncha, karibu na kiungo ni giza tupu, yaani pale vipande havibadilishwi tena, vinarithiwa kwa mkupuo, na kwa njia kama hiyo ukoo mmoja wa mijusi unaweza kuanza taratibu kuachana na mwingine. Nilicheza peke yangu kati ya meza na friji, na moyoni bado nacheza.

Tatizo ni kwamba wifi anakwenda kusimama kwenye kongamano kutangaza kuwa mijusi wa mji mzima wana kromosomu za namna moja, hotuba tayari, picha tayari, hata nguo imeshashonwa. Nikimwambia ni kama kumwambia kwamba ukweli alikuwa anautupa kwenye kopo. Mume wangu anasema, "Mwache dada aseme yake, wewe utasema yako mwakani." Wenzangu wa maabara wanataka ningoje mpaka siku ya hotuba, humo humo ukumbini niinue mkono, nijipatie jina. Jina nalitaka, sikudanganyi, lakini wifi naye namtaka. Nifanyeje?

Ni mimi, Wifi Mwenye Raha na Roho Juu

Jibu

Wifi mwenye raha, hongera sana. Nimemaliza barua yako nikamtazama mjusi wa dari yangu kwa heshima ambayo hajawahi kuipata. Sasa acha utoto.

Mumeo anampenda dada yake, lakini huo ni ushauri wa mtu anayetaka mlo wa Jumapili upite salama. Kabla ya huo mwakani mtu baki atakuwa ameshamuumbua, na wifi yako akija kujua kwamba ulijua ukanyamaza, utakosa wifi na utakosa mkuu. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Na hao wanaokusukuma uinue mkono, wao hawana wifi pale mbele.

Halafu nawe umecheza mapema mno, mwanangu. Vioo vya kuokota havitoshi. Andaa vipya, vya mijusi wa tanuri na vya mijusi wa kwingineko, na avitandaze mtu asiyejua kipi ni cha wapi. Vikisema vilevile, nenda kwake asubuhi, mkiwa wawili. Usimhubirie. Weka kioo chini ya darubini, mvutie kiti, ufunge mdomo. Aliyekufundisha kuona hahitaji kusimuliwa. Neno Kaburi lisikutoke. Na akishaona, dai jina lako kwenye kazi hiyo bila haya, kwa maana ni lako.

Kongamano lilikuwa karibu, hivyo nilimtumia jibu hili kabla ya kulichapa. Alichonirudishia nakiweka hapa kama kilivyo.

"Mshauri, vioo vipya vilisema vilevile. Wifi alikaa, akatazama. Nilipotaka kuongea akaniinulia kidole. Kisha akaenda kwenye sinki, akamimina kopo lote juu ya taulo, akasema, 'Leta kitambaa, tuanze na vya zamani.' Hotuba aliiandika upya, nami nikiwa pembeni yake, tunabishana kila mstari. Ukumbini akaonyesha ile picha ya nyuzi tatu, akasema mbele ya watu wote, 'Hii mimi nilikuwa naitupa. Wifi yangu akaiokota.' Wakapiga makofi, wengine wakasimama. Akanipisha kwenye maikrofoni, nami nikaeleza yote, nukta na giza na kiungo. Swali la kwanza aliuliza yeye, tena gumu, bila kunionea huruma. Nikalijibu."