Jina Ambalo Baba Hawezi Kulitamka

Nyumba ya Sita,
Nyuma ya Ghala la Mbao.
14 Agosti

Mpendwa mdogo wangu Akumineti,

Pokea salamu zangu nyingi. U hali gani huko melini, na ule mgongo umepoa au bado unakusumbua? Mimi mwili ni mzima. Simu yako haishiki kabisa, kwa hiyo barua hii itakungoja bandarini, na sijui utaisoma lini.

Habari za Baba si nzuri. Tangu apooze upande mmoja hajatamka neno, na daktari haoni kama ataumaliza mwezi huu.

Kwa wiki tatu mkono wake mzima ulikuwa na kazi moja tu. Anashika pindo la shuka, anavuta vidole taratibu, vinakaribiana, mwishowe anafinya. Nikadhani anasikia baridi. Nikamfunika blanketi, nikaongeza la pili, jasho likamtoka na bado anafinya. Siku moja nilimkaripia, Mungu anisamehe.

Juzi Shangazi alikuja, akakaa kitandani akavitazama vile vidole. Akaniambia, "Huyu anamwita Akumineti, na wewe unamlundikia mablanketi tu."

Unakumbuka alivyokuwa akirudi kutoka kazini kwake, kule alikobandika majani makavu kwenye karatasi na kuyaandikia maelezo, shati likinuka gundi? Alituketisha na jani moja, akatufundisha lile neno la Kiingereza, akumineti. Alisema ni jani linalopungua polepole hadi kuwa ncha ndefu, na kwamba Waingereza walilitoa kwenye Kilatini, katika neno la kunoa. Vidole vyake vikafuata jani mpaka nchani, vikahamia kwenye kidevu chako kilichochongoka, vikafinya. Jina likakuganda tangu siku hiyo. Na mimi niliyekuwa nikijigamba kwa Kiingereza ndiye niliyesahau.

Basi nikamwinamia, nikamwambia unakuja. Nilijua mkataba wako umebakiza miezi minane na nahodha ameshakunyima ruhusa. Nilisema tu ili atulie.

Ametulia kweli, hafinyi tena. Ila mlango ukilia anageuza macho, anaona ni mimi, anayarudisha ukutani. Inaniuma kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Sikulaumu, wala sikuombi ufanye lolote, maana hakuna la kufanya. Nimeandika ili ujue kwamba ulikuwa unaitwa.

Shangazi anakusalimu sana. Binamu yetu kinyozi naye anakusalimu. Huja kumnyoa Baba kila Jumamosi, na anasema kidevu chako ndicho pekee kilichowahi kumshinda. Baba angekusalimu pia, lakini mkono wake sasa umelala wazi juu ya shuka.

Mungu akulinde huko majini.

Ni mimi dada yako akupendaye, niliyemwambia Baba uko njiani.