Moto Usioonekana Mchana

Fundi Marwa,

Shikamoo. Hutaitikia, lakini hata ulipokuwa hai uliitikia ukiwa umeinama kwenye injini, mtu haoni uso wako.

Mazishi yako kule Kenyamonta yalijaa. Waliokucheka hapa Nyamisangura wakisema Marwa ananywesha magari chang'aa ndio waliowahi viti vya mbele. Mpwa wako Mwita alilia kwa sauti ya kufika barabarani, kisha akasema, "Mjomba ameniachia kazi, nitaiendeleza." Nilimtazama mikono. Safi kama ya karani. Miaka tisa niliyofanya kazi nawe, yeye alikuja gereji kuazima jeki na kutafuta kivuli.

Na wewe ndiye uliyemwachia. Ulisema pale hospitali, mbele ya mkeo na mbele yangu mimi niliyekushikia kikombe cha uji: "Gereji achukue Mwita. Ghati ni mtoto wa kike, ataolewa." Nina miaka thelathini na minne, Fundi. Huyo mume wa kunioa amechelewa sana.

Basi sikia gereji yako ilivyokuwa. Matanga hayajapoa, Mwita akatundika kibao kinachosema "Injinia Mwita". Mimi akanipa kazi ya kuosha spana na kuchemsha chai. Nilivumilia kwa sababu ya gari ya Mwalimu Elia, yule wa fizikia aliyeletwa kutoka Singida, anayesubiri mashindano ya magari kama wengine wanavyosubiri Krismasi. Ulimwahidi kwamba gari yake ya bluu yenye tabo ya kusukumia hewa kwenye injini itatumia etanoli, spiriti ya pombe, badala ya petroli, ipate nguvu zaidi bila injini kuchemka. Ulikufa kazi ikiwa nusu. Pampu kubwa ya mafuta ulishaifunga. Nozeli kubwa za kupulizia mafuta zilikuwa bado kwenye boksi. Mipira ya kupitishia mafuta ilikuwa ile ile ya zamani.

Uliniambia mara ngapi? "Petroli ni mgeni mpole. Etanoli inakula mipira, inang'oa uchafu wote wa tenki, halafu inataka nafasi. Penye lita mbili za petroli, yenyewe inataka karibu tatu."

Mwita aliliangalia boksi la nozeli akasema hayo ni mapambo. "Mafuta ni mafuta. Mjomba alipenda kujichosha." Nikamwambia mipira ile haitavumilia, ibadilishwe yote, toka tenki hadi injini, pamoja na sili zake za kuzuia uvujaji. Akawageukia wateja, akacheka nao. "Dada, maji ya chai yamechemka?"

Akajaza tenki kutoka kwenye pipa lako la etanoli. Gari ikakaa wiki tatu hivyo, ikisubiri shule zifungwe, na etanoli ikawa inatafuna mipira taratibu.

Siku Mwalimu Elia alipokuja ilikuwa saa sita mchana, jua kali. Mwita alimwambia akae aiwashe. Injini ikawaka kwa kukohoa. Mheshimiwa Injinia akafungua boneti, akaita watu waje wasikie, akamwambia mwalimu akanyage mafuta. Mimi nilikuwa napita na karai la maji ya kuoshea spana. Nikasikia harufu ile tamu. Nikaona hewa juu ya injini inatetemeka, na rangi ya boneti inatoa malengelenge. Mwali wa moto hakuna. Na Mwita ameinama pale pale, anaonyesha kwa kidole.

Nikamwambia, "Moto, toka hapo."

Akanitazama kwa dharau. "Moto uko wapi, Ghati?"

Mkono wa shati lake ulikuwa unajikunja na kuwa mweusi, na yeye haoni. Ndipo akaanza kupiga yowe, na watu wakacheka, wakidhani amepigwa shoti. Nilikumbuka maneno yako, kwamba moto wa etanoli mchana huutafuti kwa macho ya kutafuta mwali, unaangalia hewa. Na kwamba maji yanauweza, yakiwa mengi. Nikammwagia Mwita karai zima. Nikamvuta mwalimu kwa kola hadi nje. Kisha pipa la maji ya mvua, ndoo kwa ndoo, mpaka hewa ikatulia. Wale wanaume waliokuja kusikiliza injini walikuwa wameshavuka barabara. Walisimama dukani wakinishauri kwa mbali.

Mwalimu hakuumia. Mwita aliungua mikono yote miwili. Na unajua aliwaambia nini ndugu zako akiwa kitandani? "Ni dawa za mjomba." Kufikia Jumapili mji mzima ulikuwa unasema Marwa ametuachia mtego. Nilipoeleza kilichotokea, niliambiwa niache kumsema mgonjwa. Nikafunga spana zangu kwenye gunia, nikaondoka.

Elia ndiye aliyekuja. Aliivuta gari yake hadi uani kwa mama yangu akasema, "Malizia alichoanza." Nikaosha tenki. Nikatupa kila mpira, nikaweka inayovumilia etanoli, na sili, na chujio jipya, na nozeli zako zile za kwenye boksi. Kompyuta ya injini ilinisumbua mwezi mzima, kwa sababu wewe hukuwahi kuniacha niiguse. Tuliijaribu hadi Mugumu. Tuliposimama kwenye bwawa la Manchira nilipitisha kidole kwenye kila kiungo. Kikavu. Nikageuka kukuambia.

Ungesema, "Gusa tena." Niligusa tena, Fundi. Niligusa vyote tena. Elia alijifanya anaangalia bwawa.

Juzi Mwita alikuja uani. Mikono ina ngozi mpya ya waridi, vidole havikunji vizuri. Akauliza kwa sauti ndogo, "Ghati, hiyo mipira ni ya aina gani?" Nilimwacha asimame juani. Nilifurahia, sikufichi. Lakini nikamkumbuka siku moja alipokuja gereji akakuuliza swali la maana, kwa nini pampu ibadilishwe. Nilikuwepo. Ulimwambia, "Utaelewa ukikua." Alikuwa na miaka thelathini. Hukuandika hata mstari mmoja. Mteja akisogea ulifunika kompyuta kwa kofia. Mimi mwenyewe nilikuibia kazi kwa macho miaka minne ndipo ukaanza kunifundisha. Mwita ni mjinga, lakini ujinga ule uliulisha wewe, na mikono ile imeungua kwa sababu yenu wote wawili.

Nikampa kigoda. Nikamweleza toka tenki hadi injini. Alitaka kuandika, kalamu ikamponyoka, nikamwandikia mimi.

Pumzika, Fundi. Bado nina hasira nawe, na kila nikishika spana nakukosa, na sijui vitu hivyo viwili nivitenganishe vipi. Ninachoweza kukuahidi ni kimoja. Atakayeniuliza nitamjibu, hata kama namdharau.

Mwita bado namdharau. Kesho anakuja saa tatu.

Ghati