Upande wa Baba

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Cherehani imetulia? Fundi aliniapia kwamba safari hii haitakata uzi. Mimi nimejifungia maabara, maana wenzangu wamenunua keki na wanataka nihutubie.

Unakumbuka siku uliyoikuta ukutani michoro yangu ya koo za wagonjwa, duara kwa mwanamke, mraba kwa mwanamume, wino mweusi kwa aliyeugua saratani ya matiti? Miaka tisa nilikuwa nawauliza wagonjwa habari za mama na bibi mzaa mama tu. Ukashika kiuno: "Kwani sisi wa upande wa baba hatuna matiti?"

Wanafunzi wangu walicheka. Mimi nilirudi kuuliza upya, familia mia mbili. Ndipo jeni yenye hitilafu ikaonekana, imepita kwa akina baba kimyakimya, kama mgeni wa mlango wa nyuma.

Leo kliniki zetu zote zimebadilisha fomu, na swali lako ndilo la kwanza. Yule profesa aliyenibandika jina la Mbishi amepiga simu mwenyewe kuomba nakala!

Nilipoanza kupima watu, nilianza na mimi. Usishtuke: jeni hiyo ninayo. Madaktari walinikuta na uvimbe titini kama punje ya mtama, wakautoa, na vipimo vya juzi ni safi. Sikukwambia kwa kuwa ungekuja kuwagombeza madaktari.

Jumatatu nakufuata ukapimwe. Usinitolee udhuru wa magauni ya watu.

Mama yako, bibi yangu, alifariki kwa ugonjwa huu akiwa na miaka arobaini na mmoja. Jana nimetimiza arobaini na miwili.

Binti wa kaka yako,
Mbishi