Mwalimu Eufemia Archuleta: Kiti Chako Mezani

Mwaka umetimia, Mama, tangu ututoke asubuhi ile ya theluji hapa mjini kwetu Española. Leo hatukuandikii kwa machozi. Tuna habari!

Wasiokujua nao wakujue: mwalimu wa darasa la tatu, sauti kama kengele, mkono mwepesi wa kutoa. Mtoto aliyefika shuleni na njaa alikula kwanza burito yako, ile chapati iliyokunjiwa pilipili mbichi, hesabu baadaye. Baba alinung'unika, "Na mimi je?" Ukamjibu, "Wewe mikono unayo na jiko lipo, mzee."

Wenzako hawausahau mkutano ule. Mkuu wa shule, Bwana Trujillo, aliingia akatangaza kwamba darasa la Kihispania linafungwa kwa kukosa mwalimu.

"Imeshaamuliwa," akasema.

Ukainuka wewe.

"Imeamuliwa na nani, mkuu? Sisi tunaoshinda na watoto tumeulizwa lini?"

"Eufemia, kaa chini."

"Nitakaa, lakini hapo mezani, siyo huku ukutani."

Ukaburuta kiti hadi mezani kwake. Nadine Vigil, mpole kuliko walimu wote, akaburuta chake. Kisha chumba kizima. Ulipotusimulia jioni ile ulisema: "Nilijua kazi ndiyo basi tena!"

Kazi haikwenda. Walimu waligawana vipindi, darasa likabaki, na baraza la shule likazaliwa, mkuu na walimu wakipiga kura sawa. Kura ya kwanza, ya saa za mapumziko, ulishindwa wewe! Ulirudi ukicheka: "Wamenikataa, nami nafuata. Kushauriana ndiko huko."

Sasa sikia. Wiki iliyopita bodi ya elimu iliamua kila shule ya bonde hili iwe na baraza kama lenu! Na aliyesimama kulitetea ni Trujillo mwenyewe: "Nilikuwa mkuu wa shule kwa cheo tu. Eufemia ndiye aliyenifundisha kusikiliza." Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Baba alipiga mluzi mpaka mlinzi akaja kumtazama.

Kisha wakauliza nani ataongoza kikao cha kwanza cha mabaraza yote. Mwanao Leocadia, mwalimu mpya kabisa, akanyoosha mkono. Wamemchagua, Mama! Anaanza Jumatatu, na usingizi haupati. Mwombee huko uliko.

Tunaokukumbuka: mumeo Delfino, wanao Leocadia na Orlando, mkweo Bernice, mjukuu wako Amadeo, dada yako Cleofas, na walimu wenzako wote.

Hututoki moyoni, leo na siku zote.