Anwani Isiyofika Popote

Nyeri, Jumanne, 9 Novemba 1999
Asubuhi ukungu mzito, mlima hauonekani. Manyunyu mpaka saa nne, halafu baridi tu.

Muthoni, rafiki yangu,

Leo nimeliondoa jina lako. Nilitaka ulisikie kwangu kwanza, ingawa najua husikii.

Nianze na mengine, maana hilo siliwezi bado. Tangu tukuzike kule Tetu, chumba chetu cha kompyuta juu ya duka la dawa kiko vile vile. Kiti chako hakikaliwi. Wateja wa kupigisha chapa bado wanapanda ngazi na kuuliza, "Yule mwingine yuko?" Nasema hayuko, basi. Kikombe chako nilikiosha siku moja bila kufikiri, kisha nikalia, kwa sababu alama ya mdomo wako ilikuwa imetoka. Mama yako hupita siku za soko akiniletea viazi. Anakaa, anaitazama mashine yako kama mtu anayengoja iseme kitu, anaenda.

Kazi ya chama cha maziwa niliendelea nayo peke yangu. Unakumbuka faili la kwanza la wakulima na ng'ombe wao tulilotuma ofisi ya mifugo Nairobi? Programu yako ilikuwa na Mkulima na Ng'ombe, na kila mmoja tulimgeuza kuwa XML, kila habari yake ikikaa kati ya alama mbili zenye jina. Mkulima alikuwa na alama ya "jina", ng'ombe naye alikuwa na alama ya "jina", na kompyuta ya Nairobi haikujua lipi ni la nani. Yule bwana wa huko akapiga simu: "Madam, huyu mkulima wenu Malkia amezaa mara nne, na anakamuliwa asubuhi na jioni. Kweli mko sawa huko?" Malkia, ng'ombe wa mama yako! Ulicheka mpaka ukashika meza. "Aki Wangui, tumemkamua mama!"

Ndipo ukanifundisha namespace, ambayo wewe uliiita ukoo. Kila jina lipewe ukoo wake, na ukoo utambulishwe kwa anwani. Ukatunga anwani zetu mbili, ya wakulima na ya ng'ombe, zote zikianza na http://muthoni.tetu. Nikakuuliza, nikiiandika kwa mtandao itanipeleka wapi?

"Haiendi popote," ukasema. "Kazi yake si kumfikisha mtu. Ni kusema tu hiki ni cha nani."

Ulipolazwa, nilikuwa nimebaki na kosa moja. Niliweka kiambishi mk:, kifupisho cha ukoo wa wakulima, kwenye alama ya nje ya Mkulima, nikadhani vilivyo ndani yake vitakirithi. Nairobi wakarudisha: mkulima anaonekana, lakini hana jina, hana kijiji, hana chochote. Nikaja wodini na karatasi. Hukuweza kukaa tena. Ulizishika juu ya uso wako ukiwa umelala, ukasema kwa sauti ndogo, "Kiambishi hakirithiwi, Wangui. Kila mtoto mpe chake."

Nikarudi, nikapitia programu sehemu kwa sehemu, nikampa kila mtoto chake. Ijumaa faili likapokelewa. Nikatembea haraka kuja kukuambia.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Kwetu jina hurudi kwa mjukuu. Wewe hukuacha mtoto, na sijui lako litarudi kupitia kwa nani. Lakini kila faili lililotoka chumba hiki lilikuwa na jina lako juu kabisa, katika anwani ile, kabla ya mkulima yeyote. Asubuhi nyingine nilikuwa nafungua faili nilisome tu, halafu nafunga. Hapo ndipo ulipokuwa umebaki.

Mwezi uliopita yule bwana akapiga tena. "Hii anwani ya Muthoni tuitoe. Kwani Muthoni ni kampuni gani?"

"Ni mtu," nikasema.

"Sawa. Sasa mtumie anwani yetu."

Nilikataa. Nikatuma faili kama kawaida, lakini mashine yao ilikuwa imeshabadilishwa, na kwake jina lenye anwani nyingine ni jina la mgeni. Ikakataa lote. Nikatuma tena, ikakataa tena. Nilidhani watachoka wao.

Jumamosi mama yako akaja. Ugonjwa wa miguu na midomo umeingia kwa majirani zake, na madaktari wa mifugo wanachanja kwa kufuata majina yanayotoka Nairobi. Yeye hayumo. Wakulima wetu wote wa Tetu hawamo. Aliweka kiroba cha viazi chini, akaniuliza, "Wangui, kwani ng'ombe yangu imesahaulika?"

Ningemwambia nini, Muthoni? Kwamba Malkia afe ili wewe ubaki?

Leo nikajiandaa kwa kazi ya kutwa. Kumbe mwanzo wa anwani zote mbili uliuandika mahali pamoja tu, mstari mmoja juu ya programu, na kila kitu kikichota hapo. Ulinisumbua sana na jambo hilo: neno moja, mahali pamoja. Nikabadilisha mstari ule. Halafu nikatafuta jina lako katika programu nzima, na kompyuta ikajibu halipo. Ungekuwa mzembe hata kidogo, ningekuokota mahali. Ulifanya kazi yako vizuri mno, rafiki yangu. Hukuniachia hata kosa.

Faili limepokelewa mchana. Mama yako yumo, na Malkia yumo chini yake, kila mmoja na jina lake. Nilingoja nisikie nafuu. Haikuja. Nilikaa kwenye kiti changu nikitazama chako.

Nakuahidi hili moja, maana sina lingine. Anwani yako sitaitumia kwa kazi nyingine, wala sitampa mtu. Itabaki yako, hata kama hakuna faili lililobaki nayo. Barua hii naitia bahashani, na juu yake nimeandika anwani hiyo hiyo, kwa mkono. Najua haiendi popote. Inasema tu ni ya nani.

Kwaheri, Muthoni.

Wangui

Nalala sasa, saa nane na robo usiku.